Bega la Nje Linaliwa: Upepo Nipandishe au Nishushe?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi ni Mtanzania, naishi Sharjah kikazi. Nina Toyota 86 ya mwaka 2017, matairi 215/45 R17, na ukiacha pedi za breki hakuna nilichobadilisha tangu kiwandani. Msimu huu nimeanza kulipeleka uwanja wa mbio wa Dubai Autodrome siku ambazo unafunguliwa kwa magari binafsi. Siku ya tatu tu, tairi la mbele kushoto limetoa waya bega la nje, yaani ukingo ambapo meno hukutana na ubavu, ilhali upande wa ndani meno yake bado kama mapya. Mimi hujaza PSI 35 (kipimo cha nguvu ya upepo) kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema. Fundi mmoja kaniambia nipandishe hadi 40 ili bega lisilale. Mwingine kaniambia nishushe hadi 26 ili tairi lishike. Na marehemu baba, aliyeendesha malori Tanga hadi Dar, alinikanya nisitoe upepo tairi likiwa la moto. Nimsikilize nani?

JIBU: Mdogo wangu, kwanza kabisa, tairi lililotoa waya halirudi barabarani. Usilihamishie nyuma, usilifanye spea, wala usilitumie kulipeleka gari dukani. Lifungue, libebwe kwenye gari la rafiki, likabadilishwe. Tukielewana hapo ndipo tuzungumzie upepo.

Mafundi wako wawili wamekupa namba ya asubuhi, tairi likiwa limelala baridi. Hakuna aliyekuuliza swali ambalo mimi ningeanza nalo: ukitoka tu uwanjani, matairi yakiwa bado yanafukuta, geji inasoma ngapi? Kona ya tano ya mzunguko wa nne huikati kwa upepo wa asubuhi. Unaikata kwa upepo uliomo ndani ya tairi dakika ile, na huo ni mwingine kabisa.

Tupige hesabu kidogo, maana ndiyo itakayokuondolea ubishi na mafundi wote watakaokuja baadaye. Hewa iliyofungiwa ndani ya tairi haina pa kutanukia, kwa hiyo ikipata joto inasukuma. Kwa tairi kama lako, kila nyuzijoto 10 za Selsiasi huongeza PSI moja na nusu hivi, na zaidi kidogo kama ulianza na upepo mwingi. Chukua siku ya Januari, hewa nyuzijoto 25. Umejaza 35. Umezunguka mara nne au tano kwa nguvu, na hewa iliyomo ndani imefika nyuzijoto 80, jambo la kawaida kabisa uwanjani. Sasa tairi lina 44. Ungemsikiliza fundi wa kwanza ukajaza 40, lingefika 50. Ungemsikiliza wa pili ukajaza 26, lingesimama kwenye 33 au 34.

Kibandiko cha mlangoni hakikudanganyi. Kiliandikwa kwa ajili ya barabara: abiria, mizigo, mafuta yasiishe haraka, safari ndefu kwa mwendo usiobadilikabadilika. Humo tairi hupata joto kiasi, na namba ile ya baridi imeshalihesabu. Waliokiandika hawakumfikiria mtu anayekanyaga breki kutoka kilomita 180 kwa saa mara moja kila dakika, kisha akalazimisha gari lenye uzito wa tani moja na robo kugeuka kwa matairi mawili ya upande mmoja. Tairi la 44 linatuna katikati kama mpira wa miguu. Sehemu inayogusa lami, ambayo hata siku njema haizidi sana kiganja cha mkono, inapungua tena. Gari linaanza kuteleza mapema, kuteleza kunaleta joto, joto linapandisha upepo, na upepo unazidisha kuteleza. Bila shaka umeshaona kwamba mizunguko miwili ya kwanza gari linakutii, halafu kuanzia wa nne linakuwa kama limepakwa sabuni. Dereva ni yuleyule. Tairi ndilo limegeuka.

Kwa gari jepesi kama lako, likiwa na matairi ya barabarani ya daraja la michezo, mimi huanzia 36 za moto kwa yote manne. Naanzia hapo tu. Wapo watakaoishia 34 na wapo watakaoishia 38, kutegemea tairi na mkono wa dereva. Ukitaka kufika 36 za moto siku ya nyuzijoto 25, jaza 28 za baridi. Kwa hiyo fundi wa pili alikuwa karibu zaidi na ukweli, ila 26 ni chini mno kwa mizunguko ya mwanzo, wakati tairi halijapata joto na ubavu unakunjika kila kona.

Kuna kosa moja huwapata hata wazoefu. Siku ya joto kali watu hupunguza upepo zaidi, kwa hoja kwamba tairi litapanda sana. Kumbe ni kinyume. Ukijaza 28 asubuhi hewa ikiwa nyuzijoto 40, tairi lenyewe tayari liko 40. Likifika 80 limepanda 40 tu, si 55, na utaishia 33 na ushee. Siku ya joto namba ya baridi inatakiwa iwe juu kidogo, 30 hivi, na alfajiri ya baridi iwe chini. Hapo Dubai mbio za saa 24 hufanyika Januari tangu mwaka 2006, na timu inayovuka usiku hadi mchana haiwezi kubaki na namba moja ya baridi, kwa sababu saa nane za usiku si saa nane za mchana. Kinachobaki palepale ni lengo la moto.

Sasa namna ya kulifikia. Kabla ya kuingia, gari liwe limelala kivulini. Jua la huko likipiga upande mmoja kwa saa nzima, matairi ya upande huo yanaweza kuonyesha namba mbili au tatu zaidi, na ukiyasawazisha hapo umeharibu mahesabu yako ya siku nzima. Pima yote manne kwa geji moja, geji yako mwenyewe, uitumie hiyohiyo siku zote. Geji ya kituo cha mafuta na geji ya jirani zinaweza kupishana namba mbili au tatu. Hata kama ya kwako inadanganya kidogo, itadanganya kwa kiasi kilekile kila siku, na hilo linatutosha.

Ingia. Mzunguko wa kwanza ni wa kupasha: usiliyumbishe gari kulia na kushoto kama unavyowaona wa Langalanga kwenye televisheni, wewe kanyaga breki vizuri kwenye njia iliyonyooka na upite kona kwa mwendo wa wastani. Kisha mizunguko mitatu au minne ya kweli. Kisha mmoja wa kupoza breki, lakini usiutambaze kwa mwendo wa bibi harusi, maana matairi nayo yanapoa. Ukisimama tu, usivute breki ya mkono, weka gia na kigingi, na pima ndani ya dakika mbili ukianza na la mbele kushoto. Andika. Nasisitiza kuandika, kwa kalamu na daftari, kabla hujatoa hata tone la upepo: saa ngapi, nyuzijoto ngapi, ulianza na ngapi, umemaliza na ngapi. Ndipo utoe hadi 36.

Dhahabu imo kwenye tofauti ya namba hizo mbili. Utakuta la mbele kushoto limepanda 9 na la nyuma kulia limepanda 6. Safari ijayo hewa ikiwa ya kufanana, utaanza na 27 mbele kushoto na 30 nyuma kulia, na yote yatakutana kwenye 36 yakishapata moto. Ndiyo, utaingia uwanjani na matairi yasiyolingana. Kwa dereva wa barabarani ni kichaa, kwa uwanjani ndiyo kazi yenyewe. Uwanja unaozungukwa kwa mwelekeo wa saa una kona za kulia nyingi kuliko za kushoto, na kona ya kulia hubebwa na matairi ya kushoto. Siku ukienda Yas Marina kule Abu Dhabi, ambako huzungukwa kinyume cha saa, lizindue daftari upya, kwa sababu mzigo utahamia kulia.

Haya yote yatakupa mshiko na yatazuia tairi lisichemke. Bega lako halitapona kwa haya peke yake, na hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wako wote wawili.

Tazama tena jinsi tairi lako lilivyoliwa, maana lenyewe limeshakueleza. Tairi lenye upepo mdogo huliwa mabega yote mawili, katikati pakabaki. Lenye upepo mwingi huliwa katikati, mabega yakabaki. La kwako limeliwa bega moja, la nje, na la ndani halijaguswa. Hakuna kiasi cha upepo kinacholiwezesha tairi kufanya hivyo likiwa limesimama wima sawasawa. Maana yake halisimami sawasawa. Ukiingia kona ya kulia gari linainamia kushoto, na gurudumu la mbele kushoto linainama pamoja nalo, linakanyagia ukingo wa nje mithili ya mtu anayetembea kwa upande wa soli. Mbele gari lako lina shokapu za mnara, zile zilizoshika gurudumu moja kwa moja bila mkono wa juu, na aina hiyo haisaidii sana kulirudisha gurudumu wima pale bodi inapolala. Zaidi ya hapo, kiwandani magurudumu ya mbele ya 86 hutoka yamesimama wima kabisa au karibu na hapo. Barabarani ni sawa. Uwanjani wima ya kusimama inageuka kuwa mlalo wa nje.

Dawa yake ni kemba, yaani ule mlalo wa gurudumu ukilitazama gari kwa mbele. Unalilaza juu liingie ndani kidogo, ili gari likiinama kwenye kona tairi lije wima na likanyage kwa upana wake wote. Njia ya bei nafuu ni bolti za kemba, zile zenye shingo isiyo ya duara, zinazowekwa pale shokapu inaposhikana na kitovu cha gurudumu. Zitakupa digrii moja na kitu. Kwa anayekwenda uwanjani mara moja kwa mwezi na gari hilohilo linampeleka kazini, hapo tayari utaona bega linapumua. Wanaotaka zaidi huweka sahani za juu ya shokapu na kufika digrii mbili na nusu hadi tatu. Mimi ningekushauri uanze na bolti, uzunguke siku mbili, utazame tairi, ndipo uamue kutoa pesa nyingine.

Watakutisha kwamba kemba itamaliza matairi upande wa ndani barabarani. Kwa digrii moja na nusu sijaona ikitokea, mradi tou iko sawa. Tou ni vile magurudumu yanavyoangaliana kwa mbele au yanavyopeana visogo. Ukibadilisha kemba, tou nayo inahama bila kukuaga, na tou mbaya ndiyo inayokwangua tairi kama mbuzi ya nazi, kilomita baada ya kilomita. Kwa hiyo siku hiyohiyo ya kufunga bolti gari liende alaimenti, na mwambie fundi wa mashine kwamba tou ya mbele unataka sifuri. Usikubali jibu la kwamba taa ni kijani basi inatosha. Omba karatasi yenye namba.

Utajuaje kemba imetosha? Kuna njia mbili, na ya kwanza ni ya senti chache: chaki. Chora mistari minne kuanzia ukingo wa meno kushuka ubavuni, zunguka mara tatu, toka utazame chaki imefutika hadi wapi. Ikifutika hadi kwenye kona ya bega na kuishia hapo, vizuri. Ikifutika kushuka ubavuni, tairi linakunjika. Ikibaki hata juu ya bega, sehemu hiyo haifanyi kazi.

Ya pili ni kipimajoto cha sindano. Unachoma sehemu tatu za meno, ndani, katikati na nje, mara tu unaposimama. Hicho cha kupiga mwanga kwa mbali kinasoma ngozi ya juu tu, na ngozi inapoa kabla hujashuka garini, kwa hiyo usikiamini sana. Katikati pakiwa moto kuliko pande zote mbili, upepo ni mwingi. Pakiwa na baridi kuliko pande zote mbili, ni mdogo. Nje pakizidi ndani, kemba haijatosha. Ninachopenda kuona kwenye la mbele ni ndani kuzidi nje kwa nyuzijoto 5 hadi 10, kwa sababu kwenye njia iliyonyooka upande wa ndani ndio unaokanyaga. Na ukiona popote panapita 100 kwenye tairi la barabarani, pumzika. Mpira huo haukupikwa kwa moto huo.

Lakini usije ukaona upepo mdogo na kemba nyingi ndiyo ujanja, ukaendelea kushuka na kulaza. Tarehe 30 Juni 2013 kule Silverstone, kwenye mbio za Langalanga za Uingereza, matairi yalipasuka moja baada ya jingine mbele ya dunia nzima. La nyuma kushoto la Lewis Hamilton lilipasuka akiwa anaongoza, kisha la Felipe Massa, kisha la Jean-Éric Vergne. Pirelli, waliotengeneza matairi hayo, walipochunguza walitaja mambo yaliyokutana: matairi ya nyuma yaliyofungwa upande usio wake, upepo wa chini kuliko walioshauri, kemba iliyopita kiasi, na kingo za kona zilizokuwa zikikanyagwa kwa kasi. Zile timu zilikuwa na wahandisi waliosomea kazi hiyo. Zilikuwa zikitafuta mshiko wa ziada, na mshiko walikuwa wakiupata kweli, hadi ubavu wa tairi ulipochoka kukunjika. Ndiyo maana kwa tairi la barabarani sikushauri ushuke chini ya 26 za baridi hata kama geji ya moto inakuruhusu. Na zile kingo za rangi, zipande kwa upole au uziache.

Jambo jingine ni mikono yako. Sijakuona ukiendesha, ila tairi la mbele lililoliwa siku tatu linanipa picha. Unafika kona ukiwa na mwendo uliozidi kidogo. Unageuza usukani, pua haiji, inataka kwenda moja kwa moja. Unaongeza usukani. Bado haiji. Unaongeza tena. Kila ulipoongeza baada ya ile mara ya kwanza hukupata mgeuko wowote, ulikuwa unaburuta bega la tairi juu ya lami kwa pembe kali zaidi. Tairi la barabarani lina pembe ndogo tu ya kuteleza ambamo linashika kwa nguvu zake zote, digrii chache. Ukiipita, mshiko unashuka na joto linapanda.

Dawa yake inaumiza moyo mwanzoni. Pua ikikataa, rudisha usukani kidogo, legeza mafuta kidogo, subiri. Utahisi usukani ukipata uzito tena viganjani. Huo uzito ndio tairi likikuambia limeshika. Usukani ukiwa mwepesi ghafla katikati ya kona, umeshapita. Sikiliza pia. Tairi linalofanya kazi vizuri hulia sauti nyembamba, ya juu, isiyokatika. Likianza kukoroma, sauti nzito ya kukwaruza, linachunwa. Funga madirisha nusu, zima redio, sikiliza kona moja mzunguko mzima hadi uweze kutofautisha sauti hizo mbili. Na breki: imalize kazi yake kubwa gari likiwa limenyooka, kisha uiachie polepole kadiri unavyogeuza. Ukikanyaga kwa nguvu na kugeuza kwa pamoja, unalitwisha lile tairi moja la mbele kushoto kazi za matairi mawili.

Nakuahidi kwamba ukipunguza mwendo wa kuingia kona tatu tu, zile ambazo pua hukataa zaidi, utaokoa mpira kuliko bolti zozote nitakazokuuzia, na muda wako wa mzunguko utapungua, kwa sababu utaweza kukanyaga mafuta mapema kutoka.

Kuhusu matairi mapya utakayonunua, haya machache. Mapya yenye meno marefu ya milimita 8 usiyakimbize siku ya kwanza. Vijiti vile virefu vinayumba, vinachemka, na vinang'oka vipande. Yapeleke kazini wiki mbili tatu. Namba ya TREADWEAR iliyoandikwa ubavuni itakusaidia kulinganisha matairi ya kiwanda kimoja, 200 ni laini kuliko 300, lakini usilinganishe kiwanda na kiwanda, kwa kuwa kila kimoja hujipa namba chenyewe. Kwa kuwa gari lako lina saizi moja mbele na nyuma, zungusha kila baada ya siku ya uwanja: mbele yaende nyuma, na kama yameandikwa OUTSIDE ubavuni bila mshale, yanaweza pia kubadilishana kushoto na kulia, maana upande wa nje utabaki nje. Yenye mshale yabaki upande wake. Na usisubiri yafike kwenye vile vigingi vya milimita 1.6 vilivyo ndani ya mifereji. Vigingi viko ndani, na wewe unakula bega. Pitisha kiganja kwenye bega kila unapotoka, hata kama unaona uvivu. Tairi likishapikwa na kupoa mara nyingi huwa gumu pia, likawa zima kwa macho na limekufa kwa mshiko. Daftari litakuonyesha, mwendo unapungua na upepo haupandi kama zamani.

Watakuuzia naitrojeni. Hewa ya kawaida tayari ni naitrojeni kwa asilimia 78. Kinachosumbua ni unyevu, na pwani ile ina unyevu mwingi. Maji yakigeuka mvuke ndani ya tairi, upepo unapanda bila mpangilio. Kwa hiyo tafuta kompresa yenye kichujio cha maji. Naitrojeni ikipatikana bure, chukua. Ya kulipia, weka hela hiyo kwenye bolti.

Nimebakisha maneno ya marehemu mzee wako, Mungu amrehemu. Alikuwa sahihi. Lori lililotoka Tanga na mzigo likasimama Chalinze saa saba mchana lina matairi ya moto na geji inasoma juu. Anayetoa upepo pale anautoa upepo ambao lori linauhitaji. Likipoa au likiendelea na safari, tairi liko chini ya mzigo wake, ubavu unakunjika kilomita baada ya kilomita, joto linapanda zaidi, na linapasuka. Sisi uwanjani tunatoa upepo tairi likiwa la moto kwa sababu tuna gari tupu, dakika 15 za kukimbia, na tunasimama kulitazama tena. Kanuni ya mzee na kanuni ya uwanja hazigombani, zina mahali pake.

Na mahali pa kanuni ya mzee ni njia yako ya kurudi nyumbani. Ukimaliza siku na 36 za moto, matairi yakipoa yatabaki na 28 au 27, namba 7 au 8 chini ya kibandiko, na mbele yako kuna barabara ya Sheikh Mohammed bin Zayed hadi Sharjah, magari yakikimbia, matairi yakiwa yamechoka. Usiondoke hivyo. Kaa kivulini angalau saa moja, kunywa maji, kaza nati za magurudumu, kagua mabega na mbavu zote nne kwa tochi. Kisha toa pampu ndogo ya volti 12, ambayo kuanzia leo haitoki kwenye buti, ujaze yote hadi 35. Kama bado yana uvuguvugu jaza 37, na asubuhi yake, gari likiwa limelala, uyasawazishe.

Ukishafunga bolti, nitumie ukurasa mmoja wa daftari: upepo wa baridi na wa moto kwa magurudumu yote manne, joto la ndani, katikati na nje kwa mawili ya mbele, na namba za karatasi ya alaimenti. Nikiziona nitakuambia kama hiyo 36 tuiache au tuisogeze.